Basi la matembezi Mombasa: bandari muione wapi na muizunguke vipi

Swali limetoka kwa katibu wa chama cha akina mama, Thika: "Habari kaka. Sisi tuko watu 31, Agosti tunashuka Mombasa siku tatu, tunalala Bamburi. Basi tumekodi na dereva tunatoka naye huku. Siku moja tunataka kuzunguka mji, lakini wengi wanasema bichi washaona na Fort Jesus walienda wakiwa shule, wanataka kuona meli na bandari yenyewe vile inafanya kazi. Basi inaruhusiwa kuingia bandarini? Na tupange aje tusikae kwa jamu siku nzima?"

Salama dada katibu, karibuni sana wewe na wenzako.

Tuanze na lile la geti. Hapana, basi la matembezi haliingii Kilindini, yaani bandari kuu ya Mombasa. Si roho mbaya ya askari, ni kwamba tangu Julai 2004 bandari zinazopokea meli za nje dunia nzima zafuata kanuni moja ya usalama, ile waiita ISPS, na kila anaepita getini lazima ijulikane ni nani na ana kazi gani ndani, gari lake pia. Shule na vyuo huwa wanaiandikia Mamlaka ya Bandari, KPA, mapema kabisa, barua yenye kichwa cha chuo na orodha ya majina na namba za vitambulisho, wakikubaliwa wanapewa siku na mtu wa kuwazungusha. Nyinyi pia mwaweza kuandika, barua haina hasara, ila usiipange siku ya watu 31 juu ya barua ambayo haijajibiwa.

Halafu kiukweli msipoingia ndani hamtakosa kitu kikubwa sana. Ukiwa ndani ya yadi huoni bandari, waona ukuta wa makontena, wageuka huku ukuta mwengine, meli yenyewe waona tu ubavu wake na harufu ya dizeli. Bandari ya Mombasa yaonekana vizuri ukiwa nje yake, ukiizunguka, na sasa hivi kuizunguka kwawezekana kwa basi, kitu ambacho zamani hakikuwepo. Nitakueleza hiyo njia hapo chini manake ndo moyo wa jibu langu, lakini kwanza mupate picha ya mji ulivyokaa, bila hiyo mutakuwa mwatazama maji tu.

Mombasa mjini ni kisiwa. Meli ikitoka bahari kuu yaja mpaka kwenye ncha ya kisiwa pale Ras Serani, na hapo njia zagawanyika mara mbili. Kulia ni Bandari ya Kale, chini ya Fort Jesus na Mji wa Kale, huko ndo majahazi yalikuwa yakiingia miaka na miaka. Kushoto ni mkondo wa Kilindini, wapita kati ya kisiwa na Likoni, ng'ambo ya kusini, ukishapita kivuko cha feri maji yafunguka makubwa na ndo hapo gati zilipo. Wareno walipojenga Fort Jesus kuanzia 1593 walikuwa walinda ile njia ya kulia, manake biashara ilikuwa huko. Kilichogeuza mambo ni meli za stima na reli. Reli ya kwenda Uganda ilianza kujengwa hapa 1896, vyuma na injini vilikuwa vyashushwa upande wa Kilindini kwa sababu kuna kina, na gati za kwanza za maji marefu zikakamilika 1926. Kwa hivo mji huu una bandari mbili, moja iko mgongoni mwa nyengine, na wageni wengi waona moja tu, tena ile ambayo siku hizi haina kazi nyingi.

Sasa kupanga siku. Watu wanakuja na orodha, saa tatu Fort Jesus, saa nne pembe za ndovu, saa tano soko, halafu mwisho wanauliza "meli ziko wapi?" Meli haingojei orodha yako. Nyinyi mumesema mwataka meli, basi meli ndo ipangwe kwanza, mengine yote yaizunguke hiyo. KPA huwa wanatoa kwa tovuti yao orodha ya meli zinazotarajiwa kwa siku 14, jina la meli, tarehe, yabeba nini, ni bure na mtu yeyote aweza kufungua. Siku mbili kabla ya kuzunguka kaa chini uiangalie, halafu usiku wa kuamkia siku yenyewe na ile asubuhi fungua programu ya simu ya kufuatilia meli, MarineTraffic kwa mfano, utaiona meli yenu kama bado imetia nanga nje ama ishaanza kusogea. Kwa orodha tafuta meli ya makontena ama ile ya magari wanayoita roro, hizo ndo kubwa na ndo watu hupiga kelele zikipita. Tarehe ya kwa orodha hubadilika, usiwaahidi wenzako saa kamili, waambie tu leo kuna meli ya kuingia mchana.

Mahali pa kuiona ikipita ni Mama Ngina. Ile bustani ya pwani ilitengenezwa upya ikafunguliwa Oktoba 2019, kuna viti, vyoo, kivuli cha mibuyu mikubwa mikongwe, na basi lina pa kuegesha. Mkiwa mwatazama maji, meli inayoingia yatokea kushoto yaelekea kulia. Kwanza mutaona kidoa huko nje, mtu wa Thika atasema mbona haisogei, muache, akirudi kununua mihogo atakuta ishafika. Meli kubwa haiingii peke yake, kuna rubani wa bandari anaifuata nje kwa boti ndogo, apanda kwa ngazi ya kamba, huyo ndo anaielekeza nahodha mkondo wote, na vile vimeli vifupi vinene vya kuivuta na kuisukuma, tagi, vyaisubiri ama vyaifuata. Mkondo pale ni mwembamba, meli yapita karibu mpaka mwasoma jina lake bila darubini na mwaona watu juu wakitembea. Ile ya magari ndo kioja, haina madirisha, haina umbo la meli, kama kabati lililolazwa majini, ndani mna magari ya mitumba ya Japani ambayo yatateremshwa yakiendeshwa moja moja na madereva wa kazi hiyo. Waambie wenzako hapo ndo yanapoingilia yale magari yao, manake sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe, ndo maana kila mwaka mwaona modeli fulani zimejaa barabarani kwa mpigo.

Mbali kidogo, kule kwenye kivuko, mutaona feri zimesimama. Meli kubwa ikipita feri zangoja, hakuna mjadala. Kwa hivo ukisikia mtu wa Likoni amechelewa kazini kwa sababu ya meli si uongo, mara nyingi.

Sasa ile njia yenyewe. Mimi naiita mzunguko wa Kilindini na naipanga hivi: mwatoka kisiwani kupitia daraja la Makupa, Kibarani, Changamwe, mwashika barabara ya Kipevu halafu barabara ya Dongo Kundu, mwavuka yale madaraja marefu mwatokea upande wa kusini, mwarudi Likoni, mwavuka feri mwaingia kisiwani tena. Mumeizunguka bandari yote. Barabara ya Dongo Kundu kile kipande cha mwisho kilifunguliwa 2024 ndo maana hata watu wengi wa hapa hawajawahi kuipita kwa matembezi, waipita tu wakienda Diani. Zamani mtu wa basi akitaka kwenda kusini hana budi apange feri na malori, saa mbili zaenda hivi hivi.

Fanyeni kwa mwelekeo huo niliosema, msigeuze. Sababu ni mbili. Kwanza kwa mwelekeo huo bandari iko kushoto mwanzo hadi mwisho, na kwa vile twaendesha upande wa kushoto wa barabara hakuna lori litakalowaziba isipokuwa limeegeshwa. Walioketi kulia watalalamika, kwa hivo mkifika Changamwe mbadilishane viti, liseme mapema kabla hamjaondoka ili isiwe vita. Sababu ya pili ni feri. Asubuhi watu wa Likoni wote waja kisiwani kazini, jioni wote warudi. Nyinyi mkifika Likoni kama saa tisa au saa kumi kasoro mwaenda kisiwani wakati umati waanza kujikusanya upande ule mwengine, kwa hivo njia yenu ni nyeupe. Mkigeuza mzunguko mutakutana na ule umati uso kwa uso, na akina mama wazima wazima kwenye ule mteremko na watu wanakimbilia feri, hapana, si matembezi hayo.

Nikupitishe kipande kwa kipande sasa.

Daraja la Makupa. Hapa zamani palikuwa na tuta la mawe na mchanga, lilijengwa 1929, likaziba maji yasipite kutoka upande wa Tudor kwenda upande wa Port Reitz, mikoko ikadhoofika pande zote mbili. Tuta lilivunjwa likajengwa daraja, magari yakaanza kulitumia 2022, maji yakapata kupita tena. Dereva apunguze mwendo kidogo hapo kwa sababu kushoto ndo mwaanza kuona kreni kubwa za kushusha makontena. Baada ya daraja ni Kibarani, wenyewe tulipajua kwa jaa la taka lililokuwa likitoa moshi, harufu yake yamkuta mtu ndani ya gari madirisha yamefungwa. Liliondolewa, ikapandwa miti. Kama kuna mama katika kundi lenu alipita hapo miaka kumi na tano nyuma muulizeni kama anapatambua.

Kisha malori. Hapa ndo bandari yenyewe, dada, hata kuliko meli. Kutoka Kibarani mpaka Changamwe na kuendelea Jomvu, barabara ni ya matrela. Msikasirike na jamu ya hapo, itazameni. Chezeni mchezo wa namba za magari: zinazoanza na K ni sisi, U ni Uganda, R ni Rwanda, SSD ni Sudan Kusini, T ni Tanzania. Hesabuni trela za Uganda mutashangaa, manake mzigo wa nchi jirani unaopita hapa, mwingi wao ni wa Uganda. Angalieni pia mzigo wenyewe, makontena yale hamjui ndani mna nini, lakini mutaona mabunda ya vyuma yaliyoviringwa, matangi ya mafuta ya kupikia, malori ya ngano na ya mbolea. Na si vya kuingia tu. Chai ya kutoka huko kwenu juu na ya nchi jirani inauzwa kwa mnada hapa Mombasa, mnada ulianza Nairobi 1956 ukahamishiwa huku 1969, na magodauni ya chai yamejaa Shimanzi na Changamwe. Mananasi ya mkebe ya Thika, parachichi na makadamia za Murang'a zinazokwenda kwa meli, njia yao ni hii. Ukiwaambia hilo basi zima litaamka, watu hupenda kuona mali yao inapopitia.

Mwaka 2024 bandari hii ilivuka kontena milioni 2 kwa mwaka kwa mara ya kwanza, zikihesabiwa kwa kipimo cha futi 20, na mizigo yote pamoja ilikuwa tani milioni 41 na kitu. Namba kama hizo huwa hazimwingii mtu akilini akiwa nyumbani, akiwa amekwama nyuma ya trela 200 hapo Changamwe zamwingia vizuri sana.

Barabara ya Kipevu yawapitisha karibu na kituo kipya cha makontena, gati zake za kwanza zilianza kazi 2016 nyengine ikaongezwa 2022. Hapo mwaweza bahatika mkaona treni ya mizigo ya SGR, ile reli mpya, ikitoka. Asiwe mtu wa kushuka wala kutoa simu dirishani karibu na geti, mambo ya picha nitayasema. Dereva wenu kwa kuwa si wa huku mwambie afuate vibao vya Dongo Kundu na Ukunda, akishika leni ya malori ya kwenda getini atawekwa kwenye foleni ya matrela na kugeuza basi la abiria hapo ni aibu na faini.

Halafu madaraja ya Dongo Kundu. La Mteza ndo refu, mita elfu moja na mia nne na zaidi. Hamruhusiwi kusimama juu, na hata ingeruhusiwa nisingewashauri, malori yapita mbio na upepo wa kusi wa Agosti huko juu si mchezo. Lakini mwendo wa pole watosha. Chini ni mikoko, mashua za wavuvi, na kushoto kwa mbali mwaiona bandari yote kwa nyuma, upande ambao hata sisi wenyeji hatukuwa twauona. Mkiona meli imesimama katikati ya maji kama haina gati, hiyo imefunga kwenye kituo cha mafuta cha Kipevu, kile kipya cha 2022 kinachoweza kupokea meli nne kwa pamoja, mafuta yashuka kwa mabomba yaliyolazwa chini ya bahari yaja nchi kavu, kutoka hapo yasukumwa kwa bomba mpaka Nairobi. Petroli ya matatu za Thika na Nairobi, ni hiyo.

Mkitokea upande wa kusini mwashika kushoto kuja Likoni. Njiani kuna madafu na korosho, simameni hapo mujinyooshe, ni rahisi kuliko mjini. Mwaka juzi juzi ungeona pia malori ya madini ya titani kutoka Kwale yakija kupakiwa kwenye gati yao hapo Likoni, lakini uchimbaji ulikoma mwisho wa 2024.

Feri sasa, na hapa naomba unisikize vizuri. Watu washuke kwenye basi kabla ya kuingia foleni ya magari, waende kwa miguu na wapita njia wengine. Wa miguu halipi kitu, ni bure. Basi litalipa na litapanga foleni yake, dereva akae nalo na mmoja wenu, mutakutana upande wa kisiwani. Mchague mahali pa kukutana kabla hamjaachana, manake ukishaingia kwenye lile kundi la watu simu husikii. Mteremko wa kushukia feri ni mkali na ukilowa unateleza, viatu vya kisigino viachwe Bamburi, mwenye magoti mabovu ashikwe mkono na asikubali kuharakishwa, feri ikienda yaja nyengine. Mkiingia simameni ubavu wa kushoto, feri ikiwa inaelekea kisiwani bandari iko kushoto kwenu, gati na kreni zimepangana mpaka mbali. Kuvuka ni dakika chache sana, macho ndo kamera yenu hapo.

Manake picha kwenye feri haziruhusiwi, vibao vipo na walinzi wapo. Ni hivo hivo magetini mwa bandari na pale forodhani Bandari ya Kale. Mkiwa Mama Ngina pigeni picha mpaka simu iishe chaji. Hakuna haja ya kubishana na askari kuhusu sheria imeandikwa wapi, chama kizima kitashinda kituoni mwangoja mtu mmoja aliyetaka kuposti feri.

Na kwenye feri hapo kama kuna watu wazima katika kundi wataikumbuka Mtongwe, Aprili 1994, feri ya kivuko cha jirani ilipozama asubuhi na watu zaidi ya 270 wakafa. Mimi sikitaji kisa hicho watu wakiwa ndani ya feri, nakitaja tukishafika nchi kavu. Fanya hivo pia.

Mumeona sijagusa mjini. Hiyo ni ya asubuhi, na hapo ndo jamu yenu ya kutoka Bamburi inaingia. Daraja la Nyali asubuhi lajaa watu wa kuingia kisiwani, kwa hivo ni mawili, ama mwatoka Bamburi saa kumi na mbili na nusu kamili ama mwangoja mpaka saa tatu. Mimi nasema mtoke mapema, bila chai, mnywe chai mjini. Mkiwa darajani walioko kushoto waangalie nje, ndo upande wa Bandari ya Kale. Basi liegeshwe karibu na Fort Jesus na liishie hapo, Mji wa Kale basi haliingii, njia zake ni za punda na mkokoteni. Ingieni kwa miguu mkatafute mahamri na mbaazi za nazi zikiwa moto, kahawa chungu ya tangawizi kwa vikombe vidogo, hiyo ndo staftahi.

Najua washaiona Fort Jesus wakiwa shule. Mtu wa darasa la sita aliona mizinga akarudi kwa basi kulala. Nenda nao tena lakini kwa jambo moja tu, kule jumba la makumbusho la ndani waangalie vitu vya meli ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná. Waomani walipoizingira ngome kuanzia 1696 hadi 1698, meli hiyo ililetwa kusaidia waliozingirwa ikazama 1697 hapo hapo chini ya ngome, na miaka ya 1970 wapiga mbizi wakaichimbua. Mitungi, vyombo, vitu vya mabaharia. Ukiwa umetoka kuona hivyo halafu mchana waona meli ya makontena, mambo yanaungana yenyewe kichwani. Agosti shule zimefunga, kuna mabasi mengi ya familia, kwa hivo muwe mlangoni saa mbili wakifungua, saa tatu na nusu muwe mushatoka.

Toka ngomeni shukeni Ndia Kuu kwa miguu mpaka sokoni kwa samaki na Bandari ya Kale. Njiani muone milango ya kuchongwa, msikiti wa Mandhry wa karne ya 16, na Leven House, nyumba iliyobeba jina la meli ya kivita ya Waingereza iliyofika hapa 1824. Tafuteni kijana wa pale Mji wa Kale mwenye kitambulisho cha uongozaji, mkubaliane bei kabla, atawapitisha vichochoro ambavyo nyinyi hamwezi kuvijua, na wenyeji watawapokea vizuri zaidi mkiwa na mtu wao. Nguo za heshima tafadhali, si kwa sheria, ni kwa watu. Kama siku yenu ni Ijumaa muwe mushatoka huko kabla ya saa sita, watu waenda msikitini. Majahazi Agosti si mengi, pepo za kaskazi ndo huleta ya kutoka juu Somalia na Ghuba na hizo ni kuanzia mwisho wa mwaka, lakini mwaweza kukuta moja mbili zapakia mchele na mafuta ya kwenda Lamu.

Pembe za ndovu za Moi Avenue, yale matao makubwa juu ya barabara, mwazipita mkielekea Makupa. Zilianza na ziara ya Binti Mfalme Elizabeth ya 1952. Picha ya dakika tano, gari lisizimwe. Wakiwa na hamu ya historia ya watu badala ya wafalme, waambie barabara hiyo na mitaa ya Majengo na Tononoka ilijaa wafanyakazi waliogoma Januari 1947, makuli wa bandari na wa reli na wa majumbani, mji wote ulisimama, na kiongozi aliyejitokeza akawa Chege Kibachia ambaye baadae serikali ya kikoloni ilimweka kizuizini. Miaka minane mbele, 1955, makuli wakagoma tena na aliyekuja kuwapatanisha na waajiri ni Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwa kijana wa miaka 24. Mnaishi Thika, mji wa viwanda, hadithi ya mgomo mutaielewa haraka kuliko watalii wangu wengine.

Sasa kuunganisha: asubuhi Mji wa Kale, saa nne na nusu muwe Mama Ngina, chakula cha mchana mapema ama viazi karai na mihogo ya kukaanga na achari ya ndimu hapo hapo, saa saba mwaanza mzunguko, saa kumi mko kwenye feri. Lakini hiyo ni kama meli yaingia kabla ya saa saba. Kama simu yaonyesha meli itaingia alasiri, geuzeni ratiba, si mwelekeo, mzunguko muanze mapema mara tu baada ya Mji wa Kale, Mama Ngina iwe ya mwisho saa kumi na moja, na hapo jua limepoa, watu wa mji wenyewe wanatoka kupunga upepo, hata meli isipofika hamjapoteza kitu. Kurudi Bamburi jioni daraja la Nyali ni jamu tena, kaeni mle mishkaki Mama Ngina mpaka saa mbili usiku mteleze bila shida.

Basi lenyewe umesema mushakodi, hakikisha ni la viti 33 na si la 51 kama bado mwaweza kubadilisha, mtakuwa na nafasi na litageuka penye njia finyu. Madirisha yawe ya kufunguka, vioo vyeusi vilivyobandikwa karatasi vitawaharibia siku. Dereva alale vizuri usiku uliotangulia, kazi ya Changamwe na feri si ya mtu aliyeendesha usiku kucha kutoka Thika, kwa hivo siku ya kwanza mkifika iwe ya bichi na siku ya mzunguko iwe ya pili. Muwe na pesa ndogo ndogo, M-Pesa yashika kote lakini mwenye madafu hapendi kukungoja utafute netiweki. Maji mengi, kofia, na choo mwende kila mkipata, kutoka Changamwe mpaka Likoni hakuna pa kuaminika.

Uliniuliza pia kwa ule ujumbe wa pili kuhusu Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama. Iko Bamburi hapo hapo mlipolala, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, miti ilianza kupandwa mwaka 1971. Iwekeni siku ya tatu asubuhi, kabla ya kufunga mizigo, na basi msiliwashe hata, mwaweza kwenda kwa tuktuk.